Kompyuta Niliyoichagua kwa Kuinyanyua

Nianze na ujinga wenyewe, mwanangu, usije ukadhani nina busara: kompyuta ya kurekodia sauti ya Bibi niliichagua kwa kuinyanyua. Dukani zilikuwepo mbili. Nikanyanyua hii, nikanyanyua ile, nikaondoka na nzito.

Usicheke kwanza. Bibi yangu analima kabichi Mgeta, kule milimani, na tangu nikiwa mdogo amenifundisha kwamba kabichi haichaguliwi kwa macho. Unaipakata, unausikilizia uzito. Nyepesi ina hewa tupu ndani. Basi mimi, kidato cha tatu, mtaalamu wa kompyuta kwa kujitangaza mwenyewe, nikaipeleka elimu hiyo Mafiga, kwenye duka la kompyuta za mtumba.

Nyumbani Bigwa hali ilikuwa hivi. Bibi alikuwa ameshuka mlimani, Jumatatu afanyiwe upasuaji wa koo. Daktari alimwambia Mama bila kuzunguka kwamba sauti inaweza isirudi. Mama akautaka ule wimbo wa Kiluguru aliobembelezewa na Bibi utotoni, beti tatu, ambao yeye anaukumbuka nusunusu. Maiki tuliazima kwa wanakwaya. Kompyuta nikatumwa mimi.

Mwenye duka, Fundi Sefu, alinionyesha kompyuta ndogo ya kijivu, haina hata taa.

"Chukua hii, dogo. RAM inatosha, diski yake ni SSD, hakuna kinachozunguka humo ndani. Imenyamaza kimya."

"Shikamoo fundi, lakini mbona nyepesi kama andazi?"

"Marahaba. Kwani unaenda kuinywea chai?"

Nikabeba lile sanduku la chuma lenye taa za bluu. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayepanda basi la Dodoma huku ameaga kwao anaenda Dar.

Jumapili, tulipotoka misa, tukafunga madirisha. Nikawasha. Mwanangu, lile feni! Sebule yetu ikageuka mashine ya kusaga. Bibi akauliza kama mahindi yameletwa. Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa anakikunja kitenge kilekile na kukikunjua tangu asubuhi.

Waya wa maiki ulikuwa mfupi, kwa hiyo sikuweza kulihamishia sanduku chumba cha pili. Nikalifunika blanketi. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa: feni likakosa hewa, likazidi kuunguruma. Bibi akaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili. Ule mstari wa sauti kwenye skrini ulikuwa unakwenda kwa kushtukashtuka. Katikati ya ubeti wa tatu ukasimama. Imestaki. Bibi hakujua, aliimba mpaka mwisho, macho ameyafumba, nami nikashindwa kumkatiza.

"Imeingia?" Mama akauliza.

"Nadhani."

Bibi akajishika koo. "Siwezi tena, mjukuu wangu. Linawaka."

Upasuaji ulikwenda salama, namshukuru Mungu, ila mpaka leo Bibi ananong'ona tu. Ukweli nilimwambia Mama siku ya tatu baada ya upasuaji, nimesimama karibu na mlango, kwa usalama. Fundi Sefu alihangaika na ile diski akaokoa beti mbili na kipande. Nikaketi siku nzima kuusafisha ule mngurumo.

Basi sikiliza nasaha za mzee wa miaka kumi na saba. Kabla ya taa, uliza kelele. Nenda dukani na maiki yako, rekodi dakika moja ya ukimya, halafu isikilize; ukisikia upepo wa feni, shukuru, rudisha. Uliza RAM, uliza SSD. Ijaribu nyumbani siku kadhaa kabla, usimfanye mgonjwa kuwa jaribio lako. Na ikistaki, sema palepale, wakati mwimbaji bado ana sauti. Mungu akupe mashine tulivu, na kila atakayeimba mbele yako ampe pumzi ya kurudia.

Siku niliyomaliza kuusafisha ule wimbo, nilimpa Mama asikilize kazi yangu. Feni lilikuwa limepungua sana, ila pumzi za Bibi, zile anazovuta kati ya mstari na mstari, nilizifuta zote pamoja nalo. Alisikiliza mpaka pale wimbo unapokatika, akavua spika za masikioni, akasema:

"Rudisha pumzi zake. Hata hilo feni lako liache. Mama yangu alikuwa anahema hivyohivyo akipanda mlima na mimi mgongoni."