Mkwe Aliyezungumza na Chupa ya Chai

Mume wangu ananyonya vyoo. Nasema mapema ili ukitaka kucheka ucheke sasa, maana nikishaanza kuhadithia sipendi kukatizwa. Anaitwa Clement, baba Eliana, dereva wa gari la majitaka la manispaa. Hapa mtaani kwetu Mandewa watoto wakiliona gari lake wanabana pua kwa mkono mmoja na kumpungia kwa mwingine. Yeye anawapigia honi. Akirudi anaoga mara mbili, anajipaka mafuta, anakula ugali wake wa mtama na mlenda kwa raha zake. Ukimtania anakuambia, "Winfrida, mji huu hakuna asiyekuwa mteja wangu."

Kasoro yake moja: anamkimbia mama yangu. Siyo kwa ubaya. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mama yangu, Bi. Dorkas, si wa siku hizi, na mume wangu ndiyo kabisa. Na kutaja choo mbele ya mkwe? Thubutu!

Sasa sikia balaa. Mama ni mwenyekiti wa soko kule kwetu, ukishapita Mtinko, wilaya ya jirani. Choo cha soko kilijaa mpaka juu. Bwana afya akasema kisiponyonywa kabla ya mwezi kuisha, soko linafungwa. Mama ametusomesha watoto watano kwa vitunguu vya soko lile, na mpaka leo hana kingine cha kumpatia riziki. Wilaya yao haina gari wala mabwawa ya kumwaga majitaka. Sisi tunavyo. Basi ikaundwa kamati ije kuzungumza na manispaa, na mama akawekwa humo kwa sababu mdomo anao.

Chai ya vikao nilipika mimi, maana mgahawa wangu uko nyuma ya ofisi ya manispaa. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Kikao cha kwanza, mwenyekiti wa upande wetu, Bwana Manase, mtu aliyekulia Dar es Salaam na aliyekuwa na miezi minne tu hapa, akasema, "Mtaalamu wetu atawaeleza." Clement akaingia na daftari. Akanyanyua macho, akamwona mama. Akageuka palepale, hata kuaga hakuaga, tukasikia buti zinateremka ngazi. Mama naye alishajifunika khanga mpaka kidevuni.

Wajumbe wa jirani wakaja juu. "Mbona mtaalamu amekimbia? Mabwawa yenu yamejaa, mnatuficha!" Mila waliijua, ila hawakujua Clement ni mkwe wa nani. Mama alikuwa amewaambia mkwe wake ni dereva wa serikali, akaishia hapo. Nikafungua kinywa niseme, akanikata jicho. Kikao kikavunjika.

Cha pili kikaitwa zikiwa zimebaki siku tisa. Asubuhi ile Clement akanifuata jikoni. "Wanataka kusaini gari liende mara moja kwa mwezi. Haitoshi. Halafu mpira wetu wa kunyonyea una mita ishirini, choo chao kiko nyuma ya ghala, hautafika. Nitakwenda nitarudi tupu, na soko litafungwa. Mwambie mama."

"Sisemi," nikamjibu. Miaka kumi na moja nimebeba maneno yao kama punda, shikamoo nipeleke mimi, marahaba nirudishe mimi. Nilikuwa nimechoka. "Nenda kaseme mwenyewe. Ukikosa wa kumwambia, iambie chupa ya chai."

Ilikuwa hasira tu. Sikujua kama atanisikiliza!

Kalamu zilikuwa zimeshatolewa mlango ulipofunguka. Clement akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, uso ukutani, hadi akaigusa meza niliyoiwekea chupa ya chai. Akasafisha koo.

"Chupa," akasema, "mwambie mama mpira una mita ishirini."

Bwana Manase akaninong'oneza, "Huyu anaumwa?"

Kutoka ndani ya khanga mama akajibu, "Chupa, mwambie baba, toka barabarani mpaka kule ni arobaini."

"Chupa, mwambie mama wavunje ule uzio wa miiba, gari lipite nyuma ya ghala."

"Chupa, muulize baba, mara moja kwa mwezi inatosha?"

"Chupa, haitoshi! Mara mbili. Wasisaini!"

Bwana Manase akaruka. "Clement, wewe uko upande gani?"

"Chupa, mwambie na bosi, mimi ndiye nitakayekwenda huko na kurudi bure."

Redempta, karani wa kikao, akainua kalamu. "Samahani, niandike nani amesema?"

"Andika chupa," Bwana Manase akasema, amekata tamaa.

Wajumbe walicheka mpaka mmoja akapaliwa na andazi. Wa kwao mmoja akauliza, "Mama Dorkas, kumbe ndiye yule dereva wa serikali?" Nikashika meza. Nilijua jinsi alivyoificha kazi ile.

"Ndiye," mama akasema kwa sauti ya sokoni. "Mkwe wangu. Ananyonya vyoo, na anajua kuliko ninyi nyote." Nilisikia fahari mpaka machozi yakanitoka.

Wakasaini mara mbili kwa mwezi. Uzio ukavunjwa, na siku ya nne gari likafika sokoni, nami nimo. Clement alinyonya toka asubuhi hadi saa sita. Bwana afya akaja, akachungulia, akasema endeleeni na biashara. Vigelegele!

Hapo ndipo mama akatokea katikati ya vitunguu, anavuta mbuzi kwa kamba, khanga iko mabegani, uso wazi. Kwetu mbuzi wa namna hiyo ana maana moja: aibu ya ukwe inaondolewa mbele za watu, tangu hapo watazamane na kusemezana. Clement akatafuta pa kukimbilia. Nyuma gari, mbele mbuzi.

"Baba Eliana, shika kamba," mama akamwambia yeye mwenyewe, usoni.

Akaishika, glavu zake mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akasogea karibu, akateremsha sauti, lakini nilimsikia. "Na cha nyumbani kwangu kimejaa tangu Pasaka. Sikuwa na namna ya kukwambia."

Clement akamfungulia mlango wa gari la majitaka. Mama akapanda mbele, akampakata mbuzi, akampungia mkono soko zima.