Siku Nyanya Alipopima Ndagala Redioni

Kila Jumamosi mchana redio ya mtaani kwetu ilikuwa na mchezo wa kuchekesha, na ndani ya mchezo huo kulikuwa na mwenye duka Mwislamu. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wala hakuumwa hata kichwa. Kazi yake ilikuwa moja, kupunja watu. Alijaza kopo la ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, nusu tu, akaapa, "Wallahi limejaa," mteja akalalamika, wasikilizaji tukacheka.

Na mimi nilicheka, ingawa sisi wenyewe ni Waislamu wa mtaa wa Rugenge. Wazee wetu walifika na biashara za ziwa zamani sana, na makaburi yao yako hapa hapa Uvira. Nyanya yangu anauza ndagala sokoni, kwa kopo. Yeye alisikiliza mchezo ule kama mtu anayesikiliza mpira huku timu yake inafungwa. Kila wiki alingoja yule mwenye duka apime vizuri, hata mara moja tu. Jumatatu vijana walipita mbele ya meza yake wakisema kwa pua, "Wallahi limejaa." Aliwajibu, "Njooni niwapimie, wajukuu." Lakini niliona siku hizo analiinua kopo juu zaidi, ili kila mtu alione.

Jumamosi moja alikuja nyumbani mama mmoja, mke wa mvuvi, ambaye humletea nyanya ndagala kutoka ufukweni. Redioni ndiye anayeigiza mteja. Alikuwa anahema.

"Mama, utusaidie. Yule anayeigiza mwenye duka alivuka asubuhi kwenda Burundi, na mpaka wa Kavimvira umefungwa. Yeye iko ng'ambo. Leo tumempa mwenye duka mke wa siku moja, ni weye, umebaki dukani."

Baba alikataa kabla nyanya hajajibu. "Mama, ukisema yale maneno kwa sauti yako, soko lote litasema ni weye. Nani atanunua kwako tena?"

Nyanya alikuwa tayari anatafuta mtandio wake mzuri. "Minye naenda kuona kwanza," akasema. "Na huyu atanisomea."

Huyu nilikuwa mimi. Mimi ambaye nikitumwa dukani narudi bila chumvi kwa sababu nimeona aibu kuita mwenye duka. Tena nasoma polepole sana. Lakini macho ya nyanya hayaoni herufi ndogo, na ndugu zangu wengine walikuwa hawapo.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Mezani kulikuwa na mikro ya kusemea, beseni la ndagala za kweli na kopo, ili msikilizaji asikie zinavyomiminwa. Mtangazaji, kijana mwenye haraka, alituambia kwamba mchezo unakwenda hewani moja kwa moja, kwa hiyo tusikohoe. Papo hapo nikataka kukohoa.

Tulianza. Nilimnong'oneza nyanya sikioni neno moja moja, naye akasema neno moja moja, hivyo mke wa mwenye duka akawa kama mtu anayetafuna mfupa. Mteja akaomba kopo moja. Karatasi ilisema: anamimina nusu. Kisha: "Wallahi limejaa."

Nilinong'ona. Nyanya akaliangalia kopo. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Nimesikia," akasema, ndani ya mikro kabisa. "Siwezi kuapa uongo. Kopo iko nusu."

"Nyanya, ni mchezo," nikanong'ona. Baadaye niliambiwa kwamba mji mzima ulinisikia.

"Mungu alikuambia yeye hasikilizi michezo?"

Akazamisha mkono kwenye beseni akamimina. Akamimina tena, mpaka ndagala zikasimama juu ya kopo kama kichuguu. Ndipo akasema kwa sauti yake safi ya sokoni, "Wallahi limejaa." Halafu, kwa sababu mkono wake haujui kufanya vingine, akachota nyingine kidogo akaongeza. "Na hiki cha mtoto."

Mke wa mvuvi alipaswa kugombana. Aliangalia karatasi yake, akaangalia kopo. "Umenipunja," akasema, lakini kicheko kilikuwa kimeshamkaa kooni.

"Wapi? Leta mkono uguse."

"Umenipunja, mama," akarudia, machozi yanamtoka, "zinamwagika."

"Basi panua kitambaa."

Mtangazaji alikuwa amejificha nyuma ya godoro, mabega yanaruka. Mimi nilicheka mpaka nikasahau kuona aibu, nikajikuta nimeegemea mikro. Mchezo haukufika mwisho wake. Waliweka muziki.

Baba, aliyekuwa ametungoja nje ya studio, alitembea mbele yetu mpaka nyumbani. Alikuwa anangoja Jumatatu, na mimi pia.

Jumatatu tulikuta watu wamesimama mezani kabla hatujatandika turubai. Kila aliyepimiwa alinyoosha mkono. "Na cha mtoto?" Mvuvi mmoja mwenye ndevu nyeupe naye akadai.

"Mtoto wako iko wapi?" nyanya akamuuliza.

"Ni minye."

Akampa. Baba alitugeuzia mgongo, akajifanya anafunga gunia ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Alikuwa anacheka.

Mchana mtangazaji alikuja kumwomba nyanya arudi kila Jumamosi.

"Nitakuja," nyanya akasema. "Lakini yule mwenye duka mumtafutie mke wa kweli. Siku nyingine aumwe malaria, apoteze mbuzi. Mtu gani huyo anapima tu, kutoka asubuhi mpaka jioni?"

Kijana alikuna kichwa, akasema watajaribu.

Jumamosi iliyofuata mwenye duka, ambaye alikuwa amesharudi kutoka ng'ambo, alikwenda kuposa mtaa wa pili. Alisahau salamu alizokariri, akamwita baba mkwe "mteja wangu," wakamfukuza. Nyanya alikuwa studio, sasa ni shangazi yake, akimfariji. Mimi niliketi kando yake na karatasi. Mchezo ulipokwisha aliniegemea akasema, "Sasa anafanana na babu yako."