Kopo langu la kumwagilia asmini

Jamani, leo nimekwenda kugombana na jirani, nikarudi hata ugomvi sikuuanza!

Nimeingia nyumbani Kibokoni asubuhi kutoka Lamu, naambiwa mifereji haijatoa maji wiki nzima. Mbio juu darini kwenye miasmini yangu. Kopo la kumwagilia, lile nililolitoboa mwenyewe kwa msumari, halipo!

Nikamwendea Bi Zuhura wa nyumba ya pili, nimefura. Lakini wapi! Lazima kwanza sabalkheri, wazima huko, safari je...

"Kopo lako ninalo," akasema mwenyewe. "Maji ninayooshea mchele nakumwagilia miasmini yako. Kwa ndoo maji yachimba mchanga, mwanangu."

Kwa hasira, miti yenyewe sikuwa nimeitazama.

Nimepanda tena darini. Asmini zimechanua, nyeupe pe!

Kopo nimemwachia. Nitatoboa jingine.