Mkate wa Kifaransa kwa Mikono ya Mkaa

Jumamosi walikuja watu kumposa mjukuu wangu, hapa Ilala. Mmoja wao alikuwa bibi wa kijana, kikongwe mwenye fimbo. Nikamjua kabla hajakaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akaitika, macho yakiwa kwenye makochi yangu. Hakunikumbuka.

Ndugu yangu, mimi simsahau. Mama yangu aliuza mkaa uchochoroni Kariakoo, kwa kopo. Asubuhi nilimsaidia kupima, kisha nikakimbilia shule kucha nyeusi. Huyu alitufundisha upishi. Siku ya mkate wa Kifaransa mate yalitujaa: vipande viwili vya mkate, katikati nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba na jibini, juu sosi ya siagi, unga na maziwa, halafu jibini tena, unaingia kwenye oveni mpaka juu kuwe na madoa ya kahawia. Nikanyoosha mkono nishike mwiko.

"Toka! Mikono ya mkaa haigusi vyombo vyangu."

Wenzangu wakacheka. Somo lile nililisikiliza nje, chini ya dirisha. Na yaliyofuata vilevile, mpaka nikachoka, nikaacha shule.

Lakini mkate nilijaribu. Tulipanga kwa Mwarabu, nguruwe haingii uani, basi nikaweka nyama ya ng'ombe. Jibini hatukuwa nayo, oveni ndiyo kabisa. Nikafunika sufuria, nikapalia makaa juu ya mfuniko kama mama alivyooka keki za sikukuu. Siagi ikaanza kunukia, watoto wa mwenye nyumba wakatoka na sahani zao. Sijala kitu kitamu kama kile tena.

Basi Jumamosi nikaipita oveni ya mjukuu, nikawasha jiko la mkaa nipike mkate uleule. Akanifuata uani; kisa cha Mwalimu anakijua toka utotoni. "Bibi, usiniharibie. Huyu nampenda."

"Tulia. Napika tu."

Mwalimu akauma, akafumba macho. "Mama, haya mapishi umesomea wapi?"

Nikamfungulia viganja mbele ya uso. "Kwako. Chini ya dirisha. Hii ndiyo ile mikono ya mkaa, na ndiyo iliyojenga nyumba hii uliyomo."

Mjukuu kajiinamia. Mwalimu akatafuna taratibu, akamaliza, akasogeza sahani. "Niongeze."

"Kipande cha pili kinaliwa nje." Nikakiweka dirishani, upande wa uani.

Akainuka, fimbo mbele, akatoka, akala amesimama juani. Nilimwangalia kutoka ndani mpaka chembe ya mwisho. Nimeishi nikilingoja jambo hilo, sikuona haya.

Posa tumeikubali. Ile shule imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka ya mapazia. Uchochoro wa mama umekuwa stoo ya mabegi, na uani kwa Mwarabu hakuna tena ua. Lile dirisha tumebaki wawili tunaolikumbuka.

Wakati wa kuaga alinishika kiganja, akakigeuza, akakitazama sana. Nikajua sasa ataniomba radhi.

"Sosi yako nzito," akasema. "Ongeza maziwa."

Jana nimeongeza. Kumbe kweli. Na hilo nalo simsamehe.