Mivule ya Makaburini Mbuji

Ephrasia alizaliwa Lipingo, karibu na Ziwa Nyasa, akaolewa mlimani Mbuji, ambako wanawake walimcheka alivyohangaika na ngolo, yale mashimo yanayochimbwa shambani ili mvua isichukue udongo. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha bila kumcheka. Alipofariki alizikwa chini ya mivule iliyo juu ya chemchemi, penye makaburi ya ukoo wote. Baadaye Ephrasia akamzika hapohapo mumewe, Urbani.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani kufuata kahawa, ikaja habari ya barabara mpya. Ephrasia aliitaka kama wengine, maana wajawazito walikuwa wakibebwa kwa machela hadi kwenye zahanati. Wapimaji walipoweka vigingi ukingoni mwa mlima, kufuata njia ya zamani, watu walishangilia.

Kisha asubuhi moja, akienda kuteka maji, aliona kigingi kimesimikwa kati ya makaburi. Kingine kilikuwa ubavuni mwa mvule mkubwa kuliko yote. Akapanda hadi ukingoni. Kule juu yalibaki matundu tu.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake Izidori, mdogo wake Urbani, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Izidori alieleza kwamba kule juu kuna mwamba, kwamba wataalamu wamebadili mawazo. Aliyasema hayo huku akitazama pembeni. Ephrasia alirudi nyumbani akijiuliza mwamba huo ulikuwa wapi siku zote walizopita pale na mizigo kichwani. Barabara haina haja na mivule, ila mbao za mvule zina watu wanaozitafuta. Siku chache baadaye alimwona Izidori akishuka kwenye gari la kampuni inayojenga barabara, na tangu hapo hakula tena kwake.

Yeye na jirani yake Tadea wakawakusanya wanawake. Walihamishia mafiga mivuleni, wakawa wanapika, wanachambua kahawa na kunyonyesha palepale. Katapila lilikuja, likasimama, likageuka. Baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba huyu mwanamke wa ziwani atawakosesha barabara. Ephrasia aliyasikia. Alianza kuwapima hata wenzake kwa macho, nani anapeleka maneno, nani anacheka sana na madereva.

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni ilipofika, Tadea alisema hata watu wa kampuni wana Mungu. Wakaenda kanisani wote. Katikati ya mahubiri ukasikika msumeno wa mashine kutoka bondeni, na Ephrasia alipogeuka kwenye viti vya wanaume, Izidori hakuwepo. Akatoka mbio na khanga yake ya sikukuu, wenzake nyuma yake, akiwa na hakika sasa.

Mivule miwili ilikuwa chini. Mmoja ulikuwa umelalia kaburi la mama mkwe. Na pale kwenye mvule mkubwa, Izidori alikuwa ameketi, mgongo kwenye shina, vumbi la mbao kichwani na mabegani, vijana wa msumeno wamemzunguka hawajui la kufanya.

"Nimewaambia wanikate mimi kwanza," alisema.

Wanawake wakaketi naye. Ephrasia peke yake alibaki amesimama.

"Shemeji, ulijuaje kwamba watakuja leo?"

Izidori alijifuta uso.

Mhandisi wa wilaya alipofika juma lile aliupanda mlima mwenyewe, na mwamba hakuuona. Vigingi vikarudishwa ukingoni, na barabara ikapita huko. Magogo mawili yalipakiwa kwenye lori lisilo na jina ubavuni. Hakuna aliyesema yalikokwenda.

Mwaka uliofuata, wakipalilia kahawa shamba kwa shamba, Izidori alimwambia bila kuulizwa kwamba msimamizi wa kampuni alimdokeza siku mbili kabla, naye akadhani angeweza kuwazuia kimyakimya, bila ugomvi. Ephrasia alimsikiliza hadi mwisho. Alimshukuru kwa ajili ya mvule mkubwa, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli. Tangu siku ile alikula tena kwake, lakini sikukuu yoyote ikifika yeye husali nyumbani, dirisha la upande wa chemchemi likiwa wazi.