Kamba Iliyofuliwa

Basi liliharibika mwendo wa nusu saa kabla ya kituo, kwa hiyo mgeni aliingia mjini kwa miguu, vumbi hadi magotini. Kila aliyemuuliza shule ilipo alimjibu kwa swali: "Kwa Mwalimu Kamba?" Mwenyewe alimkuta getini, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, amesimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anaendea.

"Pole na safari, ndugu yangu. Ingia. Leo tunapima uwanja."

Jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa watoto wa darasa lake la tatu walijifunza mita kwa miguu na mikono. Kwa kamba moja walipima ngazi, kisima, kivuli cha mlingoti, hata mwalimu mkuu, aliyekubali kulala chini kwa sharti asichekwe. Kamba ilikuwa ya katani, yenye mafundo kumi na moja, mita moja kutoka fundo hadi fundo. Mafundo hayo aliyafunga mumewe, fundi mwashi, wiki ile mkewe alipoajiriwa. Mumewe walimzika miezi mitatu iliyopita.

Mwalimu hakulia. Watu walisubiri alie, wakachoka. Alirudi kazini siku ya nane, akasahihisha madaftari, akala alichopewa bila kujua kama kina chumvi. Maneno yakafika ofisi ya elimu: mwalimu amekuwa gogo. Ndiyo maana asubuhi hiyo mkaguzi naye alikuja, kwa gari la ofisi. Somo likimridhisha, mwalimu angebaki na darasa lake. Lisipomridhisha, angehamia stoo ya ofisi, akatunze chaki na madawati mabovu.

Watoto walinyoosha kamba kutoka ukutani kuelekea getini. Kila mwaka darasa lilipima uwanja na kuandika jibu ukutani kwa rangi. Mita thelathini na nane, mara kumi na nane, jibu lilikuwa lile lile.

"Arobaini!" akapaza sauti mvulana mwembamba waliyemwita Msumari.

"Pimeni tena," alisema mwalimu.

Wakapima tena. Arobaini.

"Mwalimu, uwanja umekua."

"Umekua kwa kula nini?" akadakia msichana mwenye pengo. "Wewe unakula kila siku na hukui!"

Watoto wakacheka. Mkaguzi aliandika kitu. Mwalimu mkuu akamsogelea mwalimu na kunong'ona, "Dada, sema chochote, tafadhali."

Mwenye pengo alikuwa ameshakimbilia darasani. Alirudi na rula ya mbao ya kuchorea mistari ubaoni, mita moja kamili, akailaza kati ya mafundo mawili. Ilizidi kwa vidole vitatu.

"Kamba imesinyaa!"

Mwalimu alikumbuka beseni. Baada ya mazishi alifua kila kitu nyumbani: mashati ya marehemu, mashuka, mapazia. Kamba ilikuwa kwenye kapu lile lile, naye akaitumbukiza na vingine katika maji ya moto.

"Niliifua," alisema.

"Kamba? Uliifua?" mkaguzi akashangaa. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nafua."

Mkaguzi alisubiri, kalamu hewani. Hakuwa mtu mbaya. Sentensi moja zaidi ingemtosha.

"Mheshimiwa, huyu amefiwa," alisema mwalimu mkuu.

"Nimesikia, mzee. Ndiyo maana naona darasa limemzidi. Aende stoo. Gari lipo, nitamfikisha leo akabidhiwe funguo."

Watoto hawakusikia. Walikuwa wamechuchumaa, wakibishana juu ya kamba.

"Mwalimu, tuyafungue mafundo tufunge upya?" aliuliza Msumari. "Si ulisema kipimo kikikosewa kinarekebishwa?"

Mwalimu aliinama akaligusa fundo la kwanza, gumu kama kokwa, jinsi mumewe alivyolikaza. Alisubiri kifua kibane. Hakikubana.

"Yafungueni," alisema. Kisha akamgeukia mwenye pengo. "Wewe usitumie meno."

Alichukua mkoba, akasahau kikombe chake dirishani, akapanda kiti cha nyuma cha gari la mkaguzi. Hakupunga mkono. Watoto nao walikuwa wameshafika fundo la tatu.

Mgeni aliyekuja kwa miguu alikuwa bado amesimama pale uwanjani.

"Mjomba, shika huku," alisema mwenye pengo, akimpa ncha ya kamba. "Na usilegeze."

Akaishika. Gari lilipita getini, likakata kona. Msichana akalaza rula kwenye sehemu ya kamba iliyokwisha kufunguliwa mafundo.

"Moja," akasema.