Kwa Treni Hadi Lusaka na Jembe la Posa

Safari yangu ya Lusaka ilinigharimu majogoo wawili, blanketi moja la sufu, nauli ya lori kwenda na kurudi, tiketi ya treni isiyopunguzwa bei, na sifa niliyoijenga miaka mingi sokoni Makambako. Majogoo nitapata wengine. Sifa ndiyo inayoniuma.

Sababu ya kuondoka ni mpwa wangu Yeremia, mwana wa dada yangu wa Mjimwema. Yeremia anamtaka Eva wa Yakobi, na Eva anamtaka Yeremia, jambo ambalo kwa kawaida lingetosha. Lakini baba yake Eva, mzee Mligo, yuko Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, anafanya kazi ya reli tangu Eva akibebwa mgongoni. Hutuma vitambaa na salamu, mwenyewe haji. Na bila neno la baba hakuna mahari, na bila mahari mchungaji hatangazi ndoa. Wakati huohuo mtu mmoja wa Matembwe, mwenye biashara ya mbao, alikuwa ameanza kuwatembelea wajomba zake Eva, na wajomba hao wanapenda sana mbao.

Mama Eva akaniita, akaniambia wazi. "Baba Mtewele, mimi nampenda Yeremia. Lakini mvua za kwanza zikinyesha bila neno la mume wangu, kaka zangu watamsikiliza yule wa Matembwe. Wewe ndiye mshenga. Nenda."

Nikaenda, na jembe jipya begani. Kwa koo zetu mshenga haendi na maneno matupu. Anabeba jembe, na akifika hakai kitako mpaka mwenye binti alipokee. Likishapokelewa, neno limefungwa, hakuna wa kulifungua. Niliijua desturi hii tangu utoto. Ningeifikiria vizuri zaidi ningebaki nyumbani.

Makambako, alfajiri, baridi ya kukata masikio. Malori ya Mbeya husimama pale njia ya Njombe inapokutana na barabara kuu, na ndipo ninapouzia viazi. Dereva mmoja anayenifahamu akatoa kichwa dirishani.

"Mzee Mtewele! Leo viazi viko wapi?"

"Leo nauza mpwa wangu. Unakwenda mpaka wapi?"

"Broken Hill, kulekule Rhodesia, nikijaliwa. Ila wewe sikubebi kwa nauli yako ya kunililia."

Akataja bei. Nikacheka, nikaondoka hatua chache, nikarudi. Akataja nyingine. Nikasema sina haraka, nitangoja lori la nyuma, na wote wawili tulijua hakuna lori la nyuma. Mwisho akakubali nusu ya alichotaka pamoja na jogoo mmoja, nikapanda juu ya magunia nikiwa nimefurahi kama mtu aliyeokota pesa. Yeremia, aliyenisindikiza, alikuwa anatikisa kichwa chini pale.

"Mjomba, ukimshika baba mkwe hivyohivyo nitaoa kwa mbuzi mmoja."

"Mbuzi wa nini? Nitamwachia kuku."

Mungu alinisikia, ninavyoona.

Tunduma, mpakani, askari alisoma cheti changu cha njia juu mpaka chini, kisha akalitazama jembe.

"Unakwenda kulima Rhodesia?"

"Nakwenda kuposa."

"Na mvi hizo?"

"Si mimi, afande. Naposa kwa niaba."

Akamwita mwenzake aje anione. Walicheka mpaka wakasahau kukagua magunia ya dereva, naye dereva akaniambia baadaye kwamba nimelipia nauli yangu mara mbili. Nikamwomba basi arudishe jogoo. Hakusikia.

Kutoka hapo ni pori, vumbi na pori tena. Usiku tulilala kandokando ya barabara. Karibu na Mpika niliona mianzi mingi kwenye bonde la mto, nikaitazama tu kama mtu anavyotazama kitu cha kwao ugenini, nisijue kwamba nitakuja kuiwaza tena.

Broken Hill, jioni. Nilifikia kwa binamu yangu Yusto, anayefanya kazi mgodini. Nilimpa jogoo wa pili na blanketi, naye akanipa kitanda na habari zote. Treni ya Lusaka huondoka asubuhi na mapema, na ya kurudi huondoka kule jioni. Nikienda na kurudi siku hiyohiyo, nitalikuta lori langu kabla halijageuza kwenda Tanganyika.

"Una mchana mmoja tu," Yusto akasema. "Unamjua mzee Mligo?"

"Namjua kwa sifa."

"Sifa gani?"

"Kwamba ni mpole."

Yusto akanitazama kwa huruma, akanizimia taa.

Asubuhi, stesheni. Dirisha la tiketi letu sisi Waafrika lilikuwa nyuma ya jengo, na foleni yake ilizunguka ukuta. Karani alipotaja nauli nikamwambia ni kubwa mno kwa mtu anayekwenda na kurudi siku moja, kwa kuwa silali ndani ya behewa lake. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia. Akawageukia wenzake ndani, "Njooni, kuna mtu wa Tanganyika anapunguza bei ya treni!" Foleni nzima ikacheka. Nikalipa. Kwao shilingi ina peni, kwetu ina senti, kwa hiyo chenji niliihesabu, nikaihesabu tena. Ilikuwa sawa, na hilo nalo lilinikera kidogo.

Njiani mpaka Lusaka sikukaa. Behewa letu lilijaa watu, mabunda, watoto na kuku, nami nilisimama mlangoni nimelikumbatia jembe lisimkate mtu. Nje nchi ni tambarare kuliko nilivyowahi kuona. Mtu wa Njombe amezoea mlima wa kuegemeza macho, na kule macho hayana pa kuegemea. Mama mmoja mnene akaligusa jembe langu, akaonyesha vidole kuuliza bei. Mkono wangu ukajibu kabla ya kichwa, ukaonyesha vidole vingi zaidi. Akapunguza, nikapunguza, na tulikuwa tumebakiza kidole kimoja kuelewana nilipokumbuka kwamba ninauza ndoa ya mpwa wangu. Nikalificha nyuma ya mgongo. Mama yule akakasirika kwa haki kabisa, na kama alikuwa na mpango wa kunisogezea nafasi kwenye benchi, mpango huo ukafa.

Lusaka, kabla ya saa sita mchana. Mji mkuu wa watu una barabara pana hata nikajiuliza nani atakayeivuka kwa furaha, miti iliyopandwa kwa mstari, maduka yenye vioo, na baiskeli kama nzige. Nilikuwa na hamu ya kutembea, lakini miguu ilikuwa inalalamika na jua lilikuwa linakwenda. Nikaulizia nyumba za wafanyakazi wa reli. Ziko mstari mmoja karibu na njia ya treni, zote sawa, na ya mzee Mligo niliitambua mara moja: ndiyo pekee iliyokuwa na matuta ya viazi mbele.

Alikuwa mlangoni, mtu mfupi, mikono mipana. Kazi yake ni kuvuta vyuma vinavyogeuza njia za treni.

"Kamwene," nikamwamkia kwa kwetu.

Akasimama wima. "Kamwene, mnyalukolo." Yaani, ndugu yangu. Sidhani alikuwa ameambiwa neno hilo na ndugu wa nyumbani kwa muda mrefu. Kisha akaliona jembe, akatabasamu. "Oho. Weka hapo ukutani."

Nililiweka ukutani. Hakulipokea. Nami, kwa desturi, sikukaa.

Tukaanza. Nilimpa habari za Yakobi, za mkewe, za Eva, na sifa za Yeremia, nyingine za kweli. Nikasema ng'ombe wawili. Akanipa chai. Nikainywa nimesimama. Akasema chai ya pale haina ladha, maji yake mazito. Nikasema ng'ombe watatu. Akaniletea ugali na samaki mkavu, nikala nimesimama kama punda. Treni ikapiga honi, nikashtuka.

"Tulia," akasema. "Hiyo ya mizigo. Yako nitakwambia mimi."

Hapo nilipaswa kuelewa nimeingia soko la nani. Mimi hushinda kwa kujifanya sina haraka. Huyu alikuwa na saa ya treni mfukoni, na kiti kizuri cha mikono, chenye mto mwekundu, amekiweka mbele yangu kabisa.

"Wanne," nikasema, "na tusimame hapo. Maana yake, tuishie hapo."

Akacheka. "Ng'ombe nitawafuga wapi? Hapa hata kuku tunaomba ruhusa. Ng'ombe mama Eva anao."

"Basi fedha."

"Fedha wananipa kila mwezi."

"Basi unataka nini, baba?"

Alitazama nje, kwenye matuta yake. "Shina moja la mwanzi wa ulanzi. Lenye udongo wa Yakobi."

Wasomaji wa mbali, ulanzi ni pombe yetu. Tunakata kichipukizi cha mwanzi, kinatoa maji matamu, na maji hayo yakilala yanakuwa na maneno. Kila nyumba kwetu ina mianzi nyuma ya jiko. Hakuna anayeinunua. Nilihesabu: shina, moja. Nikatafuta mtego, sikuuona. Nikahesabu tena: shina, moja. Miguu yangu haikungoja hesabu ya tatu.

"Nimekubali," nikasema.

Mzee Mligo akalichukua jembe kwa mikono miwili, akaliweka nyuma ya mlango. "Kaa, mkwe."

Nilikaa. Sijawahi kukaa vile. Nilikuwa bado naupapasa ule mto alipoongeza, taratibu, akinijazia chai: "Lifike likiwa hai, sawa? Nitalipanda pale kwenye tuta la mwisho. Siku kichipukizi cha kwanza kikitoka ardhini, nitaandika kwa mchungaji watangaze ndoa."

Nikakiacha kikombe. "Ungeniambia kabla hujapokea jembe!"

"Hukuuliza. Ulikuwa unatazama kiti."

Ilikuwa kweli. Tukatazamana, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka. Mchana uliobaki aliniuliza habari za kila nyumba ya Yakobi, nani amekufa, nani amejenga, kijito cha nyuma ya kanisa bado kina maji? Alinisindikiza mpaka stesheni, akanitafutia nafasi ya kukaa kwa mtu anayemfahamu, dirishani. Treni ilipoanza kusogea akatembea nayo kidogo. "Udongo uwe mwingi!" akapiga kelele. "Usiuonee choyo!"

Njia ya kurudi, karibu na Mpika, dereva wangu aliposikia kisa akasimamisha lori juu ya lile bonde la mianzi.

"Chimba hapa, mzee. Nitakaporudi Broken Hill nitampelekea, na wewe utasema ni wa Yakobi."

Nilifikiri mara mbili. Mara ya kwanza nilikubali. Mara ya pili nikakumbuka kwamba mzee yule amegema ulanzi kabla hajavaa viatu, na kwamba nilimwona akishika bonge la udongo wa matuta yake akiliponda kwa vidole, bila furaha. Nikamwambia dereva aendeshe.

Yakobi, nilimpa mama Eva neno la mumewe. Nilitegemea ataudhika. Alifuta macho na ncha ya kitenge, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo miaka yote nilidhani ametusahau," akasema. Wajomba waliposikia jembe limepokelewa wakamwambia wa Matembwe angoje waone kama shina litachipua. Amesema atangoja. Ni mtu wa miti, ana subira.

Yeremia ndiye asiye nayo. "Mjomba, ng'ombe wanne tulikuwa nao! Ungetaja wanne ukiwa mlangoni!" Sasa hivi sokoni Makambako mtu akitaka kupunguziwa bei ya viazi, ananiletea kiti kwanza.

Shina la kwanza tulilituma kwa lori. Lilikauka kabla ya Tunduma, kwa joto la injini. La pili nitalipeleka mwenyewe, na Eva atafuatana nami akamwone baba yake. Tayari nimechagua lenye macho matatu ya kuchipua, nayahesabu kila asubuhi. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Lupembe, na nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye kuposa aende akiwa amelala vizuri na amekaa njia nzima.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi mliowahi kuhamisha mwanzi ukafika mbali ukiwa hai: mizizi hufungwa kwa gunia bichi au kwa majani ya mgomba? Majani ya juu huachwa au hukatwa? Na lorini mwanzi ukae mbele au nyuma? Mwenye kujua aniletee neno Makambako, penye viazi. Lakini asinishauri juu ya bei. Bei nimekwisha kuikubali.